Shimo la Maji Kiangazini

Kwa miezi mingi ya mwaka ardhi ya Mandera husema uongo. Jua la jilaal, msimu wa kiangazi, huikausha hadi jembe likadunda juu yake, na mwenye kiwanja hutabasamu: hapa hata ghorofa itasimama. Mimi huvutiwa na fundi mzee anayekataa kutabasamu naye.

Nilimtazama mmoja aliyeitwa kupima mahali pa kujenga baraza, juu ya mteremko unaoshukia laga, mto mkavu unaojaa wakati wa mvua tu. Mwenye nyumba alitaka sakafu ya mbao iliyotokeza nje, apate upepo wa jioni na chai yake ya maziwa ya ngamia. "Adeer, ni nguzo nne tu," alisema, akimwita ami kwa Kisomali. Adeer hakujibu. Alishuka hadi chini kabisa ya mteremko, kwenye mchanga wa laga, akaangalia kama maji ya msimu uliopita yalikuwa yamekula ukingo kwa ndani. Palikuwa na mgunga mmoja wenye mizizi iliyoning'inia hewani. Akaupapasa, akapanda tena.

Juu alitafuta mipasuko. Ardhi iliyokauka hupasuka vipande vipande kama ugali ulioachwa sufuriani, na hilo halimshtui mtu. Alichokuwa akikiwinda ni ufa mmoja mrefu unaofuata ukingo: huo ndio unaoonyesha kwamba kipande kizima kimeanza kuaga. Kisha akatia mate kwenye konzi ya udongo, akausokota viganjani. Ukisokotwa ukawa mwembamba kama njiti ya kiberiti bila kukatika, ni mfinyanzi: huvimba ukilowa, hunywea ukikauka, na nguzo hupanda na kushuka nao. Ukisambaratika, ni kichanga. Ule wa pale haukufuata njia yoyote kati ya hizo: ulikatika katikati, naye akakunja uso.

Alitafuta pia chembe nyeupe zinazometa. Upande wa El Wak, humuhumu Mandera, kuna jasi nyingi ardhini, nayo huyeyuka polepole katika maji na kuacha mapango chini ya msingi, tena chumvi yake huila saruji.

Vitabuni nako haya yana maelezo yake: mwaka 1925 mhandisi Karl Terzaghi alichapisha kitabu kilichoifanya elimu ya udongo kuwa sayansi. Alieleza kwamba chembe za udongo hubeba mzigo kwa kukumbatiana, na maji yakibanwa kati yake huzisukuma zisishikane vizuri. Adeer hajakisoma, ila amewahi kuona laga ikijaa. Sitaki kumpamba kupita kiasi: milima mirefu huhitaji mhandisi na mashine ya kutoboa. Novemba 2019, Pokot Magharibi, miteremko iliporomoka usiku wa mvua na kuua makumi ya watu, na kwa miteremko ya aina hiyo jicho la mtu mmoja halitoshi. Huku kwetu vilima ni vifupi na mvua ya mwaka mzima ni takriban milimita 250. Tatizo ni kwamba huja kwa pupa. Mwishoni mwa 2023 watu wa Mandera walihama makwao kwa mafuriko, katika kaunti iliyokuwa imetoka tu kuzika mifugo kwa ukame.

Kwa hiyo Adeer akaileta mvua mwenyewe. Alichimba shimo la kufika gotini pale penye alama ya nguzo ya mbele, akaagiza mitungi ya lita 20. Ni maji ya kununua, yaliyoletwa kwa mkokoteni wa punda, na mwenye nyumba aliyatazama yakimiminwa ardhini kama mtu anayechomewa noti. Mtungi wa kwanza ulizama upesi. Wa pili ulikawia, kisha ubavu wa shimo ulioelekea laga ukameguka, taratibu, bila kelele.

Adeer aling'oa vigingi vya alama, akavirudisha nyuma hatua saba. Mwenye nyumba alilalamika kwamba huko upepo haufiki. Fundi alikuwa ameshaanza shimo jingine, akaulizia mtungi wa tatu.