Chuma Kilivyofika Ukutani

Betri nne za kwanza nilizofunga nyumbani zilikuwa za risasi, zile za maji, kila moja volti 12 na ampea-saa 200. Tulizipanga chini ya ngazi juu ya mbao mbili. Kwa hesabu ya karatasi zilibeba uniti 9.6, uniti zilezile tunazonunua kwa LUKU. Mwaka wa kwanza friji, feni mbili, taa na televisheni vilivuka usiku bila tabu. Mwaka wa pili ulipokaribia kwisha, umeme ukikatika saa moja jioni, inverta ilikuwa inaanza kulia kabla taarifa ya habari ya saa mbili haijamalizika. Fundi alipofungua vifuniko tulikuta unga mweupe umeganda kwenye bati, na betri moja imevimba ubavu. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja na mizani ya kuning'iniza, akazipima moja moja, akalipa kwa kilo.

Unga ule ni salfeti ya risasi. Betri ya risasi inapotoa umeme, bati zake hugeuka salfeti; ikichajiwa, salfeti huyeyuka na kurudi risasi na tindikali. Sasa ikiachwa nusu tupu siku tatu nne mfululizo, jambo la kawaida wakati wa masika, chembe za salfeti hukua, hukomaa, na chaji haizitoi tena. Kwa hiyo anayetaka betri hizi zidumu hazimalizi, anaishia nusu. Uniti zangu 9.6 kwa kweli zilikuwa 4.8. Halafu kuna joto. Umri wa betri ya risasi huandikwa kwa kupimwa kwenye nyuzijoto 25, na kila joto linapozidi kwa nyuzi 10 umri hupungua karibu nusu. Chini ya ngazi Dar es Salaam mwezi wa Februari, nyuzi 25 hazipo hata alfajiri.

Na risasi ikiisha kazi haiishi madhara. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na watoto wao wakakutwa na sumu ya risasi kwenye damu. Mwanaharakati Phyllis Omido alilipigania suala hilo hadi mwaka 2020 mahakama ikaamuru jamii ile ilipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kila nionapo betri ya gari imepinduliwa mtaroni imwagwe tindikali, nakumbuka mtaa ule.

Leo ukutani kwangu lipo boksi moja la betri ya lithiamu, volti 51.2, ampea-saa 100. Linabeba uniti 5.12, nami natumia 4.6 kati ya hizo bila wasiwasi. Uzito wake haufiki kilo 50; zile nne za zamani zilikaribia kilo 240. Betri za risasi za aina ile, zikitumiwa kwa adabu, huvumilia kuchajiwa na kutumika mara 500 hivi. Hili linaandikiwa mara 4,000 hadi 6,000. Zidisha: za zamani zingenipitishia uniti 2,400 maisha yao yote, hili, kwa hesabu ya chini, uniti 18,400. Mnunuzi anayelinganisha bei dukani bila kugawanya kwa namba hiyo anajidanganya mwenyewe.

Imewezekanaje? Ukilipasua boksi hutakuta kitu adimu sana. Ndani mna seli 16 za volti 3.2 kila moja, na ndani ya seli kuna chuma, fosfeti, lithiamu kiasi, shaba, alumini, na kinywe, madini yaleyale yaliyolala ardhini Mahenge na Ruangwa. Fosfeti ni jamii moja na ile ya Minjingu inayosagwa kuwa mbolea. Kilichochukua muda ni kukubali kwamba vitu vya bei rahisi hivi vinatosha.

Betri za lithiamu za mwanzo zilisimama juu ya kobalti. John Goodenough na wenzake walionyesha pale Oxford mwaka 1980 kwamba oksaidi ya kobalti inaweza kupokea na kuachia ayoni za lithiamu kwa volti kubwa, na mwaka 1991 Sony ikaingiza sokoni betri ya kwanza ya aina hiyo. Simu na kompyuta za mkononi zikapata uhai. Kobalti lakini ni ghali, na sehemu kubwa yake hutoka Kongo, upande wa Kolwezi, ambako wachimbaji wadogo wanaingia mashimoni kwa sururu na tochi. Tena oksaidi yake ikipata joto kali huachia oksijeni, ambayo ndiyo chakula cha moto. Betri ya namna hiyo ikishika moto inajipulizia yenyewe.

Goodenough huyohuyo, sasa akiwa Texas na umri umepita miaka 70, alichapisha mwaka 1997 pamoja na Akshaya Padhi na wenzao utafiti kuhusu fosfeti ya chuma na lithiamu. Ndani ya madini haya oksijeni imefungwa na fosforasi kwa nguvu sana, haitoki kirahisi hata kukiwa na joto. Sifa kubwa. Ila umeme ulipita ndani yake kwa shida, na volti yake ilikuwa ndogo kuliko ya kobalti. Wengi waliiona ni kitu cha maabara tu.

Shida yenyewe inaeleweka vizuri ukiwahi kupita Mji Mkongwe wa Zanzibar. Njia za lithiamu ndani ya chembe ya fosfeti hii ni vichochoro vinavyokwenda upande mmoja, bila njia panda. Atomu moja ya chuma ikikaa mahali pasipo pake, ni kama mkokoteni ulioharibika katikati ya kichochoro: walio nyuma yake hawatoki. Chembe ikiwa kubwa, kichochoro ni kirefu, na uwezekano wa kukuta mkokoteni ni mkubwa. Dawa ikawa kusaga chembe ziwe ndogo mno, vichochoro viwe vifupi. Kuhusu umeme kupita kwa shida, Michel Armand na wenzake huko Montréal walizivika chembe utando mwembamba wa kaboni. Utando huo hupatikana kwa kuupika unga pamoja na kitu chenye kaboni, sukari hutumika. Aliyewahi kusahau sukari kwenye sufuria ikaungua anaujua weusi ule unaong'ang'ania. Hapa weusi huo ndio njia ya elektroni.

Biashara yake haikunyooka. Kampuni ya Marekani iliyoitangaza mapema, A123, iliyoanzishwa mwaka 2001, ilifilisika mwaka 2012 na kununuliwa na Wachina. Wachina wenyewe waliziweka betri hizi kwenye mabasi ya mjini, chombo ambacho uzito haukiumizi sana kwa kuwa kinarudi kituoni kila jioni. Wakazijenga kwa wingi hadi bei ikaanguka. Hata Tesla, iliyotangaza betri yake ya ukutani mwaka 2015 ikitumia seli za kobalti, toleo la tatu la betri hiyo limehamia kwenye chuma. Mimi naona hapo ndipo uamuzi wa kweli ulipofanyika. Gari linabeba betri yake, kwa hiyo kila kilo ina maana. Ukuta haubebi kitu popote. Udhaifu wa chuma ulihesabiwa kwa mizani ya simu na gari. Ulipohamishiwa nyumbani ukawa si udhaifu tena, na zikabaki sifa mbili tunazozihitaji: kudumu, na kutoshika moto ovyo. Narudia "ovyo", maana seli ikiharibika kabisa bado inaweza kutoa gesi inayowaka. Usilifunge boksi chumbani unakolala.

Jambo lililowasumbua mafundi wetu wengi ni volti. Betri ya risasi ilisomeka kwa mita: 12.7 imejaa, 12.1 imefika nusu. Seli ya chuma na fosfeti haisomeki hivyo. Kuanzia karibu asilimia 20 hadi 80, volti yake husogea kidogo mno, chini ya sehemu moja ya kumi ya volti. Ni mfano wa sufuria inayochemka: koleza moto upendavyo, maji yanabaki nyuzi 100 hadi yaishe, kwa sababu maji na mvuke vipo pamoja. Ndani ya seli, sehemu iliyojaa lithiamu na sehemu iliyo tupu hukaa pamoja, mpaka kati yao ukisogea, na volti inasimama palepale muda wote zote mbili zipo. Kwa matumizi ni raha, feni haipungui kasi usiku wa manane. Kwa kipimo ni mtihani. Saketi ya ulinzi iliyomo ndani, mafundi huiita BMS, inabidi ihesabu umeme unaoingia na kutoka kama mweka hazina, na kila siku hukosea kidogo. Hesabu husahihishwa betri inapojaa kabisa. Masika ikija, wiki tatu jua la kuungaunga, betri haijai, na makosa yanarundikana. Usiku mmoja kioo kinaandika asilimia 35, kisha nyumba nzima inazima. Mwenye mali anaapa ameuziwa feki. Ninachofanya mimi ni kuiacha ijae kwa umeme wa TANESCO mara moja kila wiki mbili, mvua zikiendelea.

Makosa ya kuseti ni makubwa zaidi ya hayo. Jirani yangu, mama mwenye duka la dawa, alifungiwa boksi jipya kwenye inverta yake ya zamani. Wiki ya pili duka likawa linazima saa saba mchana, jua likiwaka hasa, na friji la dawa nalo likizima. Fundi akamwambia, "Mama, pole, hii betri imekufa." Nilikwenda nikamwamkia, akanionyesha kioo cha inverta. Kilikuwa bado kimeandikwa betri ya risasi, na chaji ya kusawazisha imewekwa volti 59. Betri za risasi huhitaji kusukumwa hivyo mara kwa mara ili salfeti itoke. Seli 16 za chuma mwisho wake ni 58.4, yaani 3.65 kila moja. Kila mchana paneli zilipoipandisha hadi hapo, BMS ilijikata ili kuziokoa seli, inverta ikajikuta haina betri, ikazima. Betri ilikuwa nzima kabisa, ilikuwa inajitetea. Tuliseti chaji volti 56.0, ya kushikilia 53.6, ya kusawazisha tukaizima. Boksi lile linafanya kazi mpaka leo.

Lipo jingine linalowahusu waliofunga betri kwa ajili ya umeme kukatika tu, bila sola. Boksi lao linakaa limejaa asilimia 100 miezi na miezi, kwenye chumba cha nyuzi 32, na seli iliyojaa ikiwa kwenye joto huzeeka hata isipotumika. Afadhali liruhusiwe kufanya kazi kila jioni, hata kama umeme upo.

Je, kinachokuja ni nini? Watu wananiuliza sana kuhusu betri ya chumvi, yaani ya sodiamu. Habari zake ni za kweli. CATL ya Uchina ilionyesha seli yake ya kwanza ya sodiamu mwaka 2021, na mwaka 2025 ikatangaza nyingine inayofikia wati-saa 175 kwa kilo, inayokaribia za chuma. Malighafi yake tunaifahamu jikoni: ni magadi, yale tunayotia kwenye maharage. Ziwa Magadi la Kenya limechimbwa zaidi ya miaka 100, na jirani yake wa Tanzania, Ziwa Natron, amebeba jina la chumvi hiyohiyo. Ayoni ya sodiamu ni nene kuliko ya lithiamu, haiingii vizuri kwenye kinywe. Upande hasi hutumia kaboni ngumu yenye mianya, na moja ya vitu vinavyochomwa kuipata ni vifuu vya nazi. Shaba haihitajiki, alumini inatosha pande zote mbili.

Mbona basi hazijajaa Kariakoo? Kwanza ni bei ya lithiamu. Mwishoni mwa 2022 tani ya kaboneti ya lithiamu ilikaribia yuani 600,000 nchini Uchina, na kila mtu akaikimbilia sodiamu. Kufika mwanzoni mwa 2024 ilikuwa imeshuka chini ya yuani 100,000, na haraka ikapoa. Pili, sifa inayopigiwa debe zaidi, kufanya kazi kwenye baridi kali, inamfaa mtu wa kaskazini mwa Uchina. Tanga haigandi.

Tatu ni inverta, na hapa ndipo ninapowaomba wanaonunua mwaka huu waangalie kwa makini. Volti ya sodiamu haisimami. Hushuka kama maji ya tangi, kutoka karibu 4 kwa seli hadi 2 na chini ya hapo. Panga seli 16, utapata kitu kinachoanza volti 60 na ushei na kushuka hadi 30. Inverta nyingi za volti 48 zilizopo mitaani hufanya kazi kati ya 40 na 60, kwa hiyo sehemu ya umeme itabaki ndani ya betri bila kufikika. Angalau seli hizo haziionei aibu mita: chaji yake inasomeka kwa volti kama zamani.

Aina nyingine zinazotajwa zina kazi nyingine. Betri za vanadiamu, zinazoweka umeme kwenye matangi ya kimiminika na zilizoanzishwa na Maria Skyllas-Kazacos huko Australia miaka ya 1980, ni za mitambo mikubwa. Pampu na matangi yake hayana nafasi kwenye nyumba ya vyumba vitatu. Za chuma na hewa zinalenga kulisha gridi kwa siku kadhaa. Zile za elektroliti ngumu zinatafutiwa gari.

Kwa hiyo anayefunga sasa afunge chuma na fosfeti, na akichagua inverta asome mstari mmoja kwenye karatasi yake ya vipimo kabla ya kulipa: ule wa volti ya betri, ya chini na ya juu. Chache zilizopo madukani zinaandikwa upana unaozidi ule wa 40 hadi 60. Hizo ndizo zitakazoipokea sodiamu vizuri zaidi ikifika, bila kubomoa ukuta mara ya pili.