Waliizima Jeni, Kisha Wakairudisha

Anayepanda ngano mfululizo katika shamba moja hutarajia magonjwa yazidi. Kwa kuvu ya Gaeumannomyces graminis, inayoozesha mizizi hadi iwe myeusi na kuacha masuke meupe yasiyo na punje, hutokea hivyo kwa misimu ya mwanzo tu. Baada ya mlipuko mkali ugonjwa hupungua wenyewe, ilhali ngano ni ile ile. Upashe moto udongo huo, kinga hutoweka. Changanya kiasi kidogo chake katika udongo mwingine, kinga huhamia huko. Kwa hiyo kinachofanya kazi ni kiumbe hai.

Katika jimbo la Washington, Marekani, James Cook na David Weller walimtafuta kiumbe huyo kwenye mizizi ya ngano. Miongoni mwa bakteria waliopatikana ni Pseudomonas fluorescens aliyepewa namba 2-79. Ndani ya sahani ya maabara aliizuia kuvu isimkaribie, kwa sumu iitwayo fenazini. Wengi wangetosheka hapo. Lakini sahani imejaa chakula, na mzizi una ushindani na uhaba. Sumu inayotengenezwa kwenye sahani huenda isitengenezwe kabisa ardhini.

Mwaka 1988 Linda Thomashow na Weller walifanya jaribio ninaloliheshimu mno. Walipachika kipande cha DNA kinachohamahama katikati ya jeni za kutengeneza fenazini, zikazimika. Bakteria hao hawakuizuia tena kuvu kwenye sahani, na miche ya ngano ilikingwa kidogo kuliko ilivyokingwa na mzazi wao. Hata hivyo, kupachika DNA kunaweza kuharibu mambo mengine bila mtafiti kujua. Kwa hiyo wakawarudishia baadhi yao jeni nzima: sumu ikarudi, na kinga ikarudi nayo. Hatua hii ya pili ndiyo iliyofunga hoja. Mwaka 1990 fenazini yenyewe ilipatikana kwenye mizizi ya ngano, hata ya shambani, pale tu palipokuwa na bakteria wenye uwezo wa kuitengeneza.

Angalia pia kwamba kinga ilipungua tu, haikwisha. Sumu ni silaha kuu ya bakteria huyu, lakini si pekee.

Tena sumu hiyo ina kazi nyingine. Utafiti wa mwaka 1992 ulionyesha kuwa katika udongo wa kawaida bakteria wasio na fenazini hupungua haraka kuliko wenye nayo, lakini katika udongo uliopashwa moto ili kuua vijidudu vilivyomo, huendelea vizuri. Sumu humsaidia bakteria kubaki mzizini kati ya washindani.

Na kubaki ndiko kunakoamua. Mwaka 1998 Jos Raaijmakers na Weller walichunguza udongo ambamo ugonjwa umepungua wenyewe, unaokingwa na ndugu wa bakteria hawa wanaotumia sumu tofauti. Kinga ilihitaji takriban bakteria 100,000 kwa kila gramu ya mzizi. Kwa hiyo muuzaji wa mbegu zilizopakwa bakteria aulizwe wangapi wanabaki mzizini wiki kadhaa baada ya kupanda, kwa kuwa idadi iliyoandikwa kwenye pakiti haijibu hilo.