Kipaumbele Mahali Pasipo na Foleni

Tuanze na skrini ile ya rauta. Mliotazama mechi ya eFootball Jumamosi mliiona: kabla ya mpira kuanza, mwenyeji alifungua ukurasa wa QoS, akaipa PlayStation yake daraja la juu kabisa, kisha kwenye nafasi ya kasi ya kupakia akaandika 5 Mbps, namba ile ile ya kifurushi chake. Akahifadhi. Mechi ilipotelea hapo, si dakika ya 83 simu ya chumba cha pili ilipoanza kupandisha picha mtandaoni na beki wake akaganda.

Rauta hupanga foleni pale tu foleni inapokuwa kwake. Ukiiambia laini ina 5 Mbps ilhali inapitisha 4.8, haioni msongamano wowote. Inaachia kila kitu kipite, na pakiti zinakwenda kurundikana kwenye modemu, ambayo haina habari na PlayStation wala daraja la juu. Modemu yenye bafa ya megabaiti 1 kwenye laini ya namna hiyo huchukua zaidi ya sekunde moja na nusu kuimaliza ikijaa, na pakiti ya gemu iliyofika mwisho inasubiri muda huo wote. Ni kulipisha gari la wagonjwa getini kwako wakati foleni iko Ubungo. Angeandika 4.3, foleni ingehamia ndani ya rauta na kipaumbele kingepata kazi ya kufanya. Namba moja tu!

Kutumia kwake waya badala ya Wi-Fi: sahihi kabisa.

Nimelisema hili mara nyingi na sitachoka: kipimo cha kasi kinachofanywa nyumba ikiwa imetulia hakimwambii mchezaji chochote. Gemu yenyewe, ukiondoa kuipakua, kwa kawaida haifikishi hata 1 Mbps. Bado watu wanauziwa vifurushi vikubwa na rauta zenye antena nane na taa nyekundu, kana kwamba tatizo ni upana wa njia.

Enzi za rauta ya WRT54G tulikuwa na kifaa cha kawaida na programu ya Tomato ya Jonathan Zarate, na ukurasa wake wa QoS ulikutaka useme kasi halisi ya laini yako. Kisha Jim Gettys akapaza sauti juu ya bafa zilizovimba. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakaleta CoDel, ambayo haiangalii urefu wa foleni bali muda pakiti inaokaa ndani yake: ikizidi milisekunde 5 kwa milisekunde 100 mfululizo, inaanza kuangusha pakiti ili mtumaji apunguze kasi. Dave Täht aliipigania kazi hii hadi alipofariki mwaka 2025. Mrithi wa CoDel, CAKE, imo ndani ya Linux tangu toleo la 4.19 la mwaka 2018, na kwenye OpenWrt unaipata bure kupitia SQM. Hiyo haihitaji orodha ya vifaa vya kupendelewa, inahitaji namba ya kweli.

Kwa anayetumia rauta ya laini ya simu kazi ni ngumu zaidi, maana kasi hupanda na kushuka kutwa nzima. Pima saa mbili usiku, mtaa mzima ukiwa hewani, punguza asilimia 10 hadi 15, kisha angalia pingi huku simu ikipandisha video. Pingi ikiendelea kupanda, punguza tena.