Kumjua Malkia Aliyefichwa

Mcheza karata wa Kaoze, kule Bonde la Rukwa, hana haja ya kufundishwa turufu ni nini. Wala wa pwani anayecheza wahedi wa sitini hafundishwi kuhesabu: pointi zote ni 120, ukifika 61 umeshinda. Briji, ambayo kanuni zake za kisasa zilitungwa na Harold Vanderbilt mwaka 1925, inadai hesabu ya namna nyingine. Unahesabu umbo la mkono usiouona.

Tazama mgawo huu, nilioupanga kwa ajili ya somo. Kusini (wachezaji wanne huitwa kwa pande nne za dira) amechukua mnada kwa ahadi nzito kuliko zote: kula mizunguko yote 13 bila turufu. Mkononi ana shupaza ree, mfalme, 5. Kopa ree, malkia, 4. Uru ree, 10, 6. Maua mfalme, malkia, 7, 2. Kaskazini, mwenzake, amelaza zake mezani: shupaza malkia, 8, 3, kopa mfalme, 7, 3, uru mfalme, jeki, 9, 4, maua ree, jeki, 5.

Shupaza zinatoa mizunguko mitatu, kopa mitatu, maua minne. Hiyo ni kumi. Uru lazima zitoe mitatu, na malkia wa uru yuko kwa mpinzani. Yupi? Mwenye haraka atabahatisha sasa hivi, nusu kwa nusu. Kusini hana haraka: uru anaziacha mwisho kabisa.

Magharibi anaanza na jeki wa shupaza. Kusini anakula, kisha anacheza shupaza nyingine mbili. Mara ya tatu Mashariki anatupa kopa. Wengi hapa huanza kuhesabu karata moja moja, na kufika katikati wamepotea. Njia nyepesi ni kukumbuka umbo. Kusini ana tatu, Kaskazini tatu, Mashariki mbili. Basi Magharibi ana tano. Umbo ni 5-3-3-2, ambalo hutokea karibu mara 15 katika kila 100. Mazoezi yakikolea, ukizipata tarakimu tatu ya nne inakuja yenyewe.

Kopa tatu zinafuata, na mara ya tatu Magharibi anatupa shupaza. Umbo ni lilelile, ila tano sasa ziko kwa Mashariki.

Maua ndiyo yanayofungua mlango. Kusini anakula kwa ree na jeki wa mezani, kisha mfalme na malkia wa mkononi. Mashariki anafuata mara moja tu. Nne, tatu, moja: Magharibi alianza na maua matano. 5-4-3-1.

Sasa jumlisha mkono wa Magharibi peke yake. Wa Mashariki hauna haja ya kuhesabiwa. Shupaza tano, kopa mbili, maua matano: kumi na mbili. Imebaki nafasi moja, nayo ni ya uru moja. Mkono wa 5-5-2-1 ni adimu, hauzidi mara 3 au 4 katika 100, na ndiyo sababu anayecheza kwa mazoea hautarajii. Hesabu haijali uadimu.

Mezani zimebaki uru mfalme, jeki na 9, kwa kuwa 4 ilitupwa kwenye maua ya mwisho. Kusini anacheza 6 kwenda kwa mfalme. Uru pekee ya Magharibi inaanguka. Ikiwa ndiyo malkia, kazi imekwisha. Si malkia. Basi yuko Mashariki bila shaka yoyote. Jeki anachezwa kutoka mezani: Mashariki akimtoa malkia, ree anamla na 10 inabaki kubwa, akimficha, Kusini anaweka 10, jeki anakula, na ree anafunga wa 13.

Angalia kilichotokana na mpangilio. Angeanza na uru, asingekuwa na hata tarakimu moja ya Magharibi. Na kama maua yangegawanyika nne kwa mbili, Magharibi angebaki na uru mbili na Mashariki nne. Malkia angekuwa Mashariki kwa uwezekano wa mbili kwa moja. Hapo si uhakika tena, lakini mchezo bado ni uleule: mfalme kwanza, kisha jeki kumpitia Mashariki.