Vidole Vinavyohesabu Mizani

Shairi kutoka Cheptais, kule miteremkoni mwa Mlima Elgon, likifika kwa mhariri wa ukurasa wa mashairi gazetini, yeye huanza na vidole. Mshororo wa tarbia una mizani 16: 8 ukwapi, 8 utao. Huu una 17. Kulitupa ni rahisi. Yeye hutafuta neno: “kwa sababu” ni mizani 4, “maana” ni 3. Amelibadilisha, kina kimebaki, sauti ya mtunzi haijaguswa. Na jina Cheptais lenyewe lihesabiwe vipi, 3 au 5? Hulitamka tena na tena mpaka sikio likubali.

Kazi ngumu zaidi, kwa maoni yangu, ni majibizano. Malenga wawili wakikabana, mhariri huuacha ukali wa hoja na kuondoa tusi, ili mgeni asiogope kubisha hodi kesho.

Shairi hutoka na lakabu ya mtunzi na mji wake. Juma lijalo malenga wa Mombasa, ambaye hajawahi kuuona Mlima Elgon, anamjibu wa Cheptais kwa vina vilevile, akimwita ndugu. Mhariri ameshachukua shairi jingine, anahesabu.