Nyayo za Mwivi Redioni

Hadithi ya upelelezi ikitiwa katika redio, hukutana na shida moja: msikilizaji haoni kitu. Kitabuni Sherlock Holmes hutazama matope ya viatu na majivu ya tumbako. Redioni kila alama yapita sikioni. Mtengenezaji asiye fundi humfanya mpelelezi aeleze yote kwa maneno, na mchezo wageuka hotuba.

Iko hadithi moja inayofaa redio kabisa, ingawa ilitoka kitabuni mwaka 1911. Ni “The Queer Feet” ya G. K. Chesterton, Mwingereza aliyeingia Kanisa Katoliki mwaka 1922. Padri Brown ameketi katika chumba kidogo cha hoteli, anaandika. Nje zapita nyayo: mara za haraka na nyepesi, mara za polepole na nzito. Lakini miguu ni ile ile! Padri apima jambo hilo. Mtu huyu mbele ya mabwana atembea kama mtumishi, na mbele ya watumishi atembea kama bwana, maana nguo zao nyeusi zafanana. Kumbe ndiye mwivi wa vyombo vya fedha. Padri hamwiti polisi. Amwonya, naye atubu na kuvirudisha.

Hadithi za Padri Brown zilichezwa BBC katika miaka ya 1980, kwa sauti ya Andrew Sachs.

Lakini liko kosa katika michezo ya namna hii linalostahili lawama. Mara nyingi mwivi hupewa sauti ya kukwaruza au matamshi ya kigeni, nasi twamhukumu kabla ya ushahidi. Kwetu Uvira na bonde la Ruzizi kosa hilo si dogo. Hapa mtu akifungua kinywa tu, watu hudhani wamekwisha jua kabila lake, na uvumi umekwisha kumwaga damu. Jirani zetu wa Bujumbura walilitambua hilo: mwaka 1997 Studio Ijambo ilianza mchezo “Umubanyi niwe muryango”, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri, juu ya jamaa ya Kihutu na jamaa ya Kitutsi wanaokaa ujirani. Haukuwa wa upelelezi, lakini ulitumia sikio kuponya shuku.

Basi, atakayemtia redioni Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, au mpelelezi mwingine yeyote, ampe mwivi sauti kama yetu sote. Nasi wasikilizaji tumwige Padri Brown: tusikie, tupime, ndipo tuseme.