Waamu, ‘Walamu’ na ‘wakazi wa kale’: Maneno matatu, watu tofauti

KATIKA taarifa za habari kuhusu Lamu, mimi husikia maneno matatu yakitumiwa kana kwamba yana maana moja: ‘Walamu’, ‘Waamu’ na ‘wakazi wa kale wa Lamu’. Hebu tuyachambue.

‘Walamu’ ni neno lililoundwa kwa pupa: jina la mahali limepachikwa kiambishi wa-, basi. Kamusini, mlamu ni shemeji. Anayetangaza kuwa ‘Walamu wameandamana’ anatuambia kwamba mashemeji wameingia barabarani! Kweli, mwamu kwa herufi ndogo pia ni shemeji. Hata hivyo, Mwamu kwa herufi kubwa lina chimbuko linalojulikana. Wenyeji huuita mji wao Amu, lahaja yao ni Kiamu, nao ni Waamu.

Je, kila mtu wa Lamu ni Mwamu? La hasha! Kaunti ya Lamu ina Wabajuni, Waorma, Waaweer ambao wengi huwaita Waboni, na wakulima waliohamia Mpeketoni. Kisiwani Pate kuna Wapate na Wasiu. Mwana Kupona, aliyetunga utenzi wake mashuhuri mnamo 1858, alizaliwa Pate akaolewa na Bwana Mataka wa Siyu. Kutunga kwa Kiamu hakumgeuzi kuwa Mwamu.

Tuje kwa ‘wakazi wa kale’. Mji wa Kale wa Lamu uliorodheshwa na UNESCO kuwa Turathi ya Dunia mwaka wa 2001. Kilicho cha kale hapo ni mji, si watu. ‘Wakazi wa kale wa Lamu’ ni waliokwisha kwenda zao karne nyingi zilizopita. Hawawezi kulalamikia bei ya samaki leo. Tuseme ‘wakazi wa Mji wa Kale wa Lamu’.

Kuna atakayesema kwamba huku ni kuchagua mno maneno. Sikubaliani naye. Mkazi ni yeyote anayeishi mahali. Mwenyeji ni mwenye asili ya hapo. Katika kaunti yenye mizozo ya ardhi isiyokwisha, mwanahabari anayeyachanganya maneno hayo huenda akampa mmoja haki na kumvua mwingine bila kukusudia.

Ukizungumzia kaunti nzima, ‘wakazi wa Lamu’ inatosha. Ukikusudia watu wenye asili ya Amu, sema Waamu. Na ukiwa na shaka, waulize wenyewe wanajiitaje.